Barua ya wazi kwa wanaosimamia kliniki: faili la mgonjwa linapitia mikono ya nani?

Kwa wamiliki, madaktari wafawidhi na mameneja wa kliniki na zahanati

Yah: Mpangilio wa kazi na utunzaji wa taarifa za wagonjwa

Salaam.

Tunaowaandikia ni makarani wa kumbukumbu, wauguzi, matabibu, wataalamu wa maabara na mafundi wa kompyuta. Kazi yetu ya kila siku ni kupokea, kuandika, kutafuta, kupeleka na kuhifadhi habari za watu wanaokuja kutibiwa. Tunaleta kwenu hoja moja. Taarifa za mgonjwa zinapovuja au kupotea, chanzo mara nyingi ni jinsi kazi ilivyopangwa, na mpangilio huo mnaushika ninyi. Kumkaripia karani kunatuliza hasira za siku moja. Dirisha, kabati, fomu na nenosiri la watu sita vinabaki vilevile, na wiki ijayo kosa linajirudia kwa mtu mwingine.

Daktari amekula kiapo. Kiapo cha Geneva, kilichopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1948 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, kinamtaka atunze siri za mgonjwa hata baada ya mgonjwa kufariki. Lakini kabla faili halijamfikia daktari limeshapita kwa karani wa mapokezi, kwa mtu wa malipo na kwa muuguzi anayepima presha na uzito. Likitoka kwake linakwenda maabara, dirisha la dawa na meza ya bima. Wengi wa hao hawajaapishwa na mtu, na baadhi yao hawajaelezwa chochote zaidi ya maneno mawili: "usitoe siri". Tunaomba kila anayeajiriwa, pamoja na msafishaji, mlinzi na mwanafunzi anayekuja kwa mafunzo ya vitendo, asaini ahadi ya usiri siku ya kwanza na aelekezwe kwa mifano ya mahali anapofanyia kazi. Mlinzi anatakiwa kujua la kumjibu mume anayeuliza getini kama mkewe amepita. Msafishaji anatakiwa kujua kwamba karatasi iliyoanguka sakafuni chumba cha sindano haiendi kwenye pipa la taka za kawaida.

Tuanze na dirisha la mapokezi, kwa sababu siri nyingi zinavuja hapo kabla ya kitu chochote kuandikwa. Karani anauliza kwa sauti, "Unaumwa nini?" na mgonjwa anajibu mbele ya foleni nzima, au anadanganya kwa aibu, na uongo huo unaandikwa kwenye faili na kumfuata hadi kwa daktari. Karani hahitaji kujua ugonjwa. Anahitaji kujua aina ya huduma tu: mgonjwa mpya, marudio, kufuata majibu, kuchukua dawa, cheti, au hali ya dharura. Aina hizo ziandikwe kwenye kadi ngumu iliyolazwa juu ya meza, mgonjwa aguse kwa kidole. Dalili za hatari, kama kifua kubana, kupumua kwa shida, damu nyingi, degedege au mjamzito mwenye maumivu makali, ziandikwe kwa herufi kubwa kwenye tangazo la ukutani ili mwenye nazo apite mbele bila kujieleza. Mstari wa kusubiri uchorwe sakafuni angalau mita 2 nyuma ya dirisha. Skrini igeuzwe isisomeke kutoka upande wa foleni, na kama chumba hakiruhusu, ibandikwe utando wa kuzuia kuonekana kwa pembeni. Hakuna kati ya haya linalohitaji mtaalamu.

Daftari la wageni lililo wazi mezani, ambalo kila mgonjwa anajaza jina, simu na sababu ya kuja chini ya jina la aliyemtangulia, liondolewe leo. Ni orodha ya wagonjwa iliyowekwa hadharani, na yeyote mwenye dakika moja ya kusubiri anaisoma ukurasa mzima. Vivyo hivyo siku maalumu na mlango maalumu wenye kibao cha jina la ugonjwa: anayeonekana kwenye benchi lile ameshatangazwa. Huduma hizo zichanganywe na nyingine kwenye ukumbi mmoja, au kibao kiwe na namba ya chumba peke yake.

Namba za foleni ni nzuri kwa kuitia watu, ila zisitumike kumtambulisha mtu. Ndani ya chumba, mgonjwa atambuliwe kwa vitu viwili visivyobadilika, yaani majina yake kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha vilinganishwe na namba ya usajili iliyo juu ya faili. Swali liachwe wazi: "Majina yako kamili ni nani?" Ukimuuliza mzee mwenye homa au asiyesikia vizuri, "Wewe ndiye fulani?" ataitikia ndiyo, na dawa ya mtu mwingine itamfikia mkononi. Namba ya simu haitoshi kumtambulisha mtu, maana simu moja hutumiwa na nyumba nzima na namba hubadilika.

Usajili wa haraka haraka unazaa makosa ya aina mbili, na yanatakiwa kutofautishwa. La kwanza ni mtu mmoja kuwa na mafaili mawili. Jina limeandikwa Khadija mara ya kwanza na Hadija mara ya pili, au Mohamed na Muhammad, karani hakulipata kwenye kompyuta, akafungua jipya. Aleji ya penisilini imebaki kwenye faili la zamani, daktari anaandika amoksisilini, dawa ya jamii hiyohiyo, kwenye jipya. La pili ni watu wawili kuwa ndani ya faili moja, na hili ndilo baya zaidi, kwa sababu kila atakayelifungua ataamini majibu yasiyo ya mgonjwa aliye mbele yake, na mgonjwa akiomba nakala anakabidhiwa siri za mwenzake. Kinga ni ileile: kabla ya kufungua faili jipya, karani atafute mara tatu, kwa sehemu ya jina (herufi nne za mwanzo za jina la ukoo zinatosha), kwa tarehe ya kuzaliwa, kisha kwa namba ya simu. Tahadhari na tarehe ya 1 Januari, ambayo mifumo mingi huijaza kwa kila asiyejua siku yake. Pakiwa na watu wengi wenye tarehe hiyo, tarehe haiwatofautishi tena, hivyo jina la mama liongezwe.

Kuunganisha mafaili mawili ya mtu mmoja kufanywe na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo, akiwa na mafaili yote mawili mbele yake, na faili lililofungwa lisifutwe bali libaki na maelezo ya namba lilikohamia. Kutenganisha watu wawili waliochanganywa ni kazi ya tabibu akishirikiana na karani, kwa kuwa tabibu ndiye anayeweza kusema maelezo haya ya mimba hayawezi kuwa ya huyu. Kila aliyetibiwa kwa kutumia faili hilo katika kipindi cha mchanganyiko apitiwe upya dawa na majibu yake.

Kliniki nyingi bado zinatumia karatasi, na hakuna ubaya kama karatasi zina utaratibu. Faili linapotoka kwenye rafu, kadi mbadala iingie mahali pake ikiwa na namba ya faili, tarehe, saa, jina la aliyelichukua na chumba linakokwenda. Bila kadi hiyo, faili lililoko kwenye droo ya daktari na faili lililoibwa yanaonekana sawa: pengo kwenye rafu. Wenye mafaili maelfu tunawashauri wapange kwa tarakimu za mwisho. Faili namba 04-27-63 linakaa sehemu ya 63, ndani yake fungu la 27, na hapo ni la 4. Mafaili mapya yanagawanyika katika sehemu 100 badala ya kurundikana mwisho wa chumba, na mkibandika rangi kwa kila tarakimu, lililowekwa pasipo pake linaonekana kwa macho. Rafu ya chini iinuliwe kutoka sakafuni, mbali na mabomba ya maji. Jioni kila faili lirudi. Yaliyobaki nje yaandikwe kwenye orodha, na ufunguo wa chumba uwe na watu wanaojulikana kwa majina.

Kuhusu maandishi yenyewe hatutasema mengi, maana matabibu wamefundishwa. Kila ingizo liwe na tarehe, saa, jina linalosomeka, cheo na saini. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha maneno ya awali yasomeke, lisipakwe wino mweupe. Mpangilio aliouanzisha daktari Lawrence Weed wa Marekani katika miaka ya 1960, wa kuandika maelezo ya mgonjwa, kilichoonekana kwa uchunguzi na vipimo, tathmini, kisha mpango, bado unafaa hata kwenye karatasi tupu, kwa sababu anayesoma baadaye anaona nini kilisemwa na mgonjwa na nini kilipimwa. Sehemu ya aleji isiachwe wazi kamwe. "Ameulizwa, hana" na sehemu isiyojazwa ni habari mbili tofauti, na aleji ikiwepo iandikwe dawa gani na nini kilimtokea, kwa kuwa kichefuchefu na kuvimba koo havipewi uzito mmoja. Tena, kila mtu aandike akijua mgonjwa ana haki ya kuyasoma. Maneno kama "msumbufu" au "mlalamishi" hayamsaidii tabibu anayefuata.

Sasa tunafika mahali panapotuumiza zaidi, yaani majibu ya vipimo. Hapa taarifa haivuji. Inapotea, na anayeipoteza ni kliniki yenyewe huku mgonjwa akidhani yuko salama. Fuateni njia ya kipimo kimoja. Tabibu anaagiza. Sampuli inachukuliwa na kubandikwa lebo. Inapelekwa maabara, pengine ya nje. Jibu linarudi. Mtu analisoma. Mtu anaamua. Mgonjwa anaambiwa. Inaandikwa kwamba ameambiwa. Mnyororo huu una makabidhiano mengi, na kwenye kila kabidhiano kuna mtu anayeamini mwenzake ndiye anayefuatilia.

Lebo ibandikwe baada ya kuchukua sampuli, mbele ya mgonjwa, naye aisome kama anaweza. Chupa zilizobandikwa lebo mapema na kupangwa kwenye trei ndizo zinazobadilishana damu za watu. Jibu likirudi, karani asilitie kwenye faili kabla tabibu hajaweka saini na tarehe juu yake; jibu lisilo na saini lina trei yake, na trei hiyo iwe tupu kila jioni. Kila tabibu awe na mwenzake aliyeandikwa kwa jina wa kusoma majibu yake akiwa likizo, mgonjwa au ameacha kazi. Hili la kuacha kazi linasahaulika sana: majibu yanaendelea kuja kwa jina la daktari aliyeondoka na kulala kwenye sanduku lisilofunguliwa na mtu.

Kinachokosekana karibu kila mahali ni orodha ya vipimo vilivyoagizwa ambavyo majibu yake hayajarudi. Trei ya majibu inaonyesha yaliyofika. Haiwezi kuonyesha sampuli iliyomwagika njiani. Fungueni rejista yenye safu hizi: tarehe ya agizo, namba ya usajili, kipimo, siku jibu linapotarajiwa, siku lilipofika, nani alilisoma, siku mgonjwa alipoambiwa. Kila asubuhi muuguzi mmoja apitie mistari iliyopita siku yake na apige simu maabara. Kwa kliniki ya matabibu wachache ni kazi ya muda mfupi tu asubuhi. Mfumo wa kompyuta ukiwepo unaweza kutoa orodha hiyo wenyewe, mradi mtu aliyetajwa kwa jina ana wajibu wa kuifungua.

Majibu ya hatari, kama sukari iliyoshuka mno, potasiamu iliyopanda au damu pungufu sana, maabara iyatoe kwa simu mara moja, mpokeaji ayaandike na kumsomea tena aliyepiga neno kwa neno. Maneno "usipopigiwa simu ujue uko salama" yafutwe kwenye vinywa vya wote. Mgonjwa aambiwe siku ya kutarajia jibu na namba ya kupiga ikiwa siku hiyo imepita. Yeye ndiye mtu pekee aliyepo kwenye kila hatua ya mnyororo, na mara nyingi ndiye pekee asiyepewa ratiba yake.

Simu nazo zina utaratibu wake. Wakati wa usajili mgonjwa aulizwe mambo manne, na majibu yake yawe kwenye ukurasa wa kwanza: tupige namba ipi, nani mwingine anaishika simu hiyo, tunaruhusiwa kutuma ujumbe, na kama kuna mtu anayeruhusiwa kupokea habari kwa niaba yake. Mpigaji asitaje kliniki wala kipimo kabla hajajua anaongea na nani. Aombe kuongea na mwenyewe, kisha amwombe ataje majina kamili na tarehe ya kuzaliwa. Mgonjwa akisita kutoa habari zake kwa mtu asiyemjua, na ana haki ya kusita, aambiwe apige mwenyewe namba iliyochapwa kwenye kadi yake ya kliniki. Ujumbe mfupi uwe "Tafadhali wasiliana nasi" na namba, bila jina la kipimo, dawa wala idara, maana ujumbe huonekana kwenye skrini hata simu ikiwa imefungwa. Asipopatikana, apigiwe tena siku na saa tofauti, kila jaribio liandikwe, na tabibu aamue hatua inayofuata kwa uzito wa jibu. Karani asiachiwe uamuzi wa lini kuacha kutafuta.

Ndugu, waajiri na maofisa wanaokuja kuuliza wanawaweka wafanyakazi wetu kwenye mtihani mgumu, hasa wanapokuja kwa heshima au kwa cheo. Kuthibitisha tu kwamba mtu fulani ni mgonjwa wa kliniki ni kutoa siri. Jibu liwe moja kwa wote: "Hatusemi kama mtu yeyote ametibiwa hapa au hajatibiwa, mwenyewe akipenda atakueleza." Likitolewa kwa baadhi tu, litageuka kuwa ishara, ndiyo sababu litumike hata kwa anayeuliza juu ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga pale. Mwajiri anahitaji cheti kinachosema mfanyakazi apumzike kuanzia lini hadi lini na kama kuna kazi asizoweza kufanya. Jina la ugonjwa si haki yake mpaka mgonjwa aridhie. Bima ipewe kile fomu ya madai inachouliza kuhusu tukio linalolipiwa, isipewe nakala ya faili zima eti kwa sababu ni rahisi kunakili lote. Polisi au mahakama wakihitaji taarifa, ombi liwe la maandishi, lipelekwe kwa mfawidhi, atoe kilichotajwa tu na aandike nini kimetoka, kwa nani, kwa sheria gani. Yapo mambo ambayo sheria za nchi nyingi zinalazimisha kuyatolea taarifa, kama magonjwa fulani ya mlipuko na ukatili dhidi ya watoto. Orodha ya mambo hayo kwa sheria yenu ibandikwe ofisini mwa mfawidhi pamoja na jina la ofisi inayopokea taarifa, ili mtu asianze kuitafuta usiku wa tukio.

Mkalimani asiwe mtoto wa mgonjwa wala jirani aliyeketi karibu. Binti wa miaka kumi na miwili hapaswi kumtafsiria mama yake habari za kizazi.

Makundi ya WhatsApp ya wafanyakazi yamekuwa chumba cha pili cha kumbukumbu, na chumba hiki hakina mlango. Picha ya eksirei au karatasi ya majibu ikitumwa humo, inaweza kujihifadhi kwenye albamu ya kila simu, ikapanda kwenye hifadhi ya mtandaoni ya kila mmoja, ikaonwa na mtoto anayeomba simu achezee, na kubaki kwa mfanyakazi aliyehamia kwingine. Kufuta ujumbe kwenye kundi hakuondoi nakala alizokwisha kuzihifadhi mtu. Kuficha jina nako hakutoshi: umri, ugonjwa adimu na siku ya tukio vinaweza kumtaja mtu kwa wanaomjua, na ukingo wa eksirei huwa na jina na namba. Lakini kupiga marufuku peke yake hakutafaa kitu, kwa sababu matabibu wanatumia makundi haya kuomba ushauri wa haraka, na ushauri huo unaokoa watu. Wapeni njia mbadala: simu moja ya kliniki yenye nenosiri, isiyounganishwa na hifadhi binafsi ya mtu, ambayo picha zake zinahamishiwa kwenye faili na kufutwa siku hiyohiyo, na utaratibu wa kumpigia daktari bingwa na kumweleza kwa mdomo. Mgonjwa aombwe ridhaa kabla ya picha, na ridhaa iandikwe.

Kwenye kompyuta, ugonjwa mkuu ni nenosiri moja la wote, lililoandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi. Tafadhali msianze kwa karipio. Watu hutumia akaunti moja kwa sababu kutoka na kuingia upya kunachukua dakika kadhaa huku mgonjwa amesimama, au kwa sababu muuguzi mpya hakufunguliwa akaunti wiki nzima. Harakisheni kuingia, kwa kadi ya kugusa au namba fupi ya siri, na akaunti mpya iwe tayari asubuhi ya siku ya kwanza ya kazi. Hapo ndipo kanuni ya kila mtu na akaunti yake inaweza kudaiwa. Skrini ijifunge yenyewe baada ya dakika chache. Karani aone majina, miadi na malipo, asifikie maelezo ya tabibu. Tabibu anayehitaji faili lisilo la mgonjwa wake kwa dharura aruhusiwe kulifungua, lakini mfumo umdai aandike sababu. Anayeacha kazi, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo kabla hajarudisha funguo.

Mifumo mingi ya kumbukumbu hurekodi nani alifungua faili gani na saa ngapi. Rekodi hizo hazina faida kama hazisomwi. Kila mwezi mfawidhi achukue sampuli ndogo na aangalie hasa mafaili ya wafanyakazi wenyewe, ya ndugu zao wenye jina moja la ukoo, ya watu maarufu, na yaliyofunguliwa usiku bila mgonjwa kuwepo. Wafanyakazi waambiwe mapema kwamba ukaguzi huu upo.

Msifikiri kliniki ndogo hazilengwi. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry, inayofunga mafaili ya kompyuta na kudai fedha, ilienea duniani. Uingereza peke yake ilikuta kliniki 595 za madaktari wa familia zimeambukizwa, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu hilo mwezi Machi, miezi miwili kabla. Nchini Ufini, mwaka 2020, wagonjwa wa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo walianza kupokea madai ya fedha mmoja mmoja, wakitishiwa kwamba waliyomweleza mtaalamu wao yatawekwa hadharani. Kwa hiyo masasisho yawekwe kwa ratiba, na nakala rudufu ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo na isiyounganishwa na mtandao. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa haihesabiki. Kila robo mwaka fundi arejeshe mafaili machache kwenye kompyuta tofauti na tabibu athibitishe yanasomeka, pamoja na picha. Umeme au mtandao ukikatika, kuwe na bahasha ya fomu tupu za karatasi na orodha ya miadi ya kesho iliyochapwa jioni na kufungiwa kabatini. Yaliyoandikwa kwenye karatasi yaingizwe baadaye yakiwa na alama ya saa halisi ya huduma, na orodha ya miadi ichanwe.

Kabla ya kusaini mkataba wa programu, mwombeni muuzaji awatolee data zote za majaribio katika muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma, mkiwa mnaangalia. Akishindwa siku anapotafuta biashara, hataweza siku mnapoondoka.

Usiri usigeuzwe kisingizio cha kumnyima habari anayemtibu mgonjwa. Kanuni za Caldicott za Uingereza, zinazoongoza matumizi ya taarifa za wagonjwa na zilizotokana na taarifa ya mwaka 1997, ziliongezewa kanuni ya saba mwaka 2013 inayosema wajibu wa kushirikishana taarifa unaweza kuwa na uzito sawa na wajibu wa kuzilinda. Barua ya rufaa yenye mstari mmoja, "tafadhali mwone", inamwanzisha mgonjwa upya. Iwe na swali mnalotaka lijibiwe, dawa na dozi zake, aleji, majibu yenye tarehe, na yale ambayo mgonjwa ameshaambiwa kuhusu hali yake. Hili la mwisho huachwa sana, na ndilo linalofanya mtu asikie neno saratani kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu wa eksirei.

Mgonjwa akiomba nakala ya faili lake, apewe fomu, atambuliwe, tabibu alipitie kuondoa habari za watu wengine zilizomo, kisha akabidhiwe. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya muda wa kawaida ni mwezi mmoja. Kwa faili la kliniki ndogo, siku chache zinatosha. Akiona kosa, marekebisho yaongezwe yakiwa na tarehe, maandishi ya awali yasifutwe. Karatasi za majibu zilizotumika upande mmoja zisigeuzwe kuwa za kuandikia namba za simu. Kompyuta ya zamani itolewe diski yake kabla ya kuuzwa, kwa kuwa kufuta mafaili kwa kawaida kunaacha data mle ndani.

Kosa litatokea hata mkifanya yote haya. Majibu yatatumwa kwa mtu siye. Likitokea, saa ya kwanza ina kazi zake: kuzuia lisienee (kumpigia aliyepokea afute au arudishe), kuandika nini kimetoka na cha nani, na kumwarifu mfawidhi. Sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika 2018 na ile ya Kenya ya 2019 zinatoa saa 72 za kuiarifu mamlaka baada ya kujua. Someni ya kwenu inasemaje. Mgonjwa aambiwe na mtu mwenye cheo, kwa maneno yaliyo wazi, mapema kuliko atakavyosikia kwa wengine. Aliyeripoti kosa lake mwenyewe asiadhibiwe kwa kuripoti. Adhabu ibaki kwa aliyefungua faili kwa udaku au kuuza habari, na tofauti hiyo iandikwe kwenye kanuni za kazi kabla ya tukio la kwanza.

Tunaomba majibu ya maandishi kwa maswali haya, yabandikwe pale wafanyakazi wanapoyaona: nani, kwa jina, anapitia kila asubuhi orodha ya vipimo ambavyo majibu hayajarudi, nani anasoma majibu ya tabibu asiyekuwepo, lini mara ya mwisho nakala rudufu ilirejeshwa na kusomeka, na daftari lililo wazi dirishani litaondolewa tarehe gani.

Wenu katika kazi,

Makarani wa kumbukumbu, wauguzi, matabibu, wataalamu wa maabara na mafundi wa mifumo